Mbegu Ikiwa Haramu, Kituo Kinafundisha Nini? Uchambuzi wa Kisa cha Mbegu za Kienyeji Nchini Kenya

Tarehe 27 Novemba 2025, Mahakama Kuu ya Machakos nchini Kenya iliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea vilivyowazuia wakulima kugawana, kubadilishana na kuuza mbegu zao za kienyeji vinakiuka Katiba. Kesi hiyo ilifikishwa mahakamani mwaka 2022 na wakulima wadogo 15, wanachama wa benki za mbegu za kijamii, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakihifadhi mbegu na kugawiana na wenzao. Mengi yaliyosemwa baada ya uamuzi huo yamehusu haki za mkulima na mipaka ya mamlaka ya serikali, na ni vyema yamesemwa. Uchambuzi huu unaitazama kesi hiyo kutoka upande mwingine, yaani upande wa kituo cha mafunzo cha kijijini kinachofundisha kilimo endelevu na chakula cha asili. Huko ndiko sheria ile ilikogusa kazi ya kila siku, na huko ndiko uamuzi wa Machakos utakakozaa matunda au kubaki maandishi tu.

Ninashikilia kwamba kituo cha namna hiyo kinaweza kukosa jengo zuri, kikakosa gari na hata kikakosa umeme, lakini hakiwezi kukosa mbegu inayotoka mkononi mwa mwalimu ikaingia mkononi mwa mkulima. Sheria iliyofanya kitendo hicho kuwa kosa ililikata somo katikati. Na sasa kizuizi kimeondolewa, kituo kimebaki na mzigo ambao zamani kiliweza kuukwepa kwa kisingizio cha sheria: kuhakikisha kwamba mbegu inayotolewa ni nzima, safi na inajulikana ilikotoka.

Kituo na kazi yake

Vituo vya mafunzo ya kilimo kisichotegemea kemikali si vipya nchini Kenya. Manor House Agricultural Centre, karibu na mji wa Kitale, kilianza mwaka 1984 na kikajulikana kwa kufundisha vitanda vinavyochimbwa kwa kina, mboji na upandaji wa mimea kwa kukaribiana. Kenya Institute of Organic Farming ilifuata mwaka 1986. Seed Savers Network, iliyoanzishwa mwaka 2009 huko Gilgil katika Kaunti ya Nakuru, ililichukua jambo ambalo kwa wengi lilikuwa kipengele kidogo cha mafunzo, yaani uhifadhi wa mbegu, ikaliweka katikati ya kazi yake: wakulima wanajifunza kuchagua, kukausha na kutunza mbegu, kisha wanaanzisha benki za mbegu katika vijiji vyao. Wakati wa kesi ya Machakos mtandao huo ulikuwa miongoni mwa walioshikana mkono na wakulima waliolalamika, na haishangazi, maana kilichoshtakiwa kilikuwa ndicho kitu kile kile unachofundisha.

Ili kuelewa kwa nini mbegu ina uzito huu, tumfikirie mkulima aliyehudhuria mafunzo ya wiki moja akarudi nyumbani. Mboji atairundika kwa majani na samadi za kwake. Matandazo atayapata kutoka kwa mabua ya mahindi yaliyobaki shambani. Makinga maji atayachimba kwa jembe alilonalo. Lakini akitaka kupanda mboga za kienyeji kama mitoo, nderema, sagaa na kunde za majani kama alivyoonyeshwa kituoni, atazitoa wapi? Duka la pembejeo la mjini limejaa pakiti za mahindi chotara, kabichi, sukuma wiki, nyanya na vitunguu. Pakiti za mboga za kienyeji zimeanza kuonekana katika miaka ya karibuni, hasa za managu na terere (mchicha), lakini ni za aina chache, na nyingi za zile mboga alizozijua bibi yake hazimo. Njia iliyobaki ni ile iliyokuwapo tangu zamani: jirani, shangazi, soko la wazi, na kituo chenyewe.

Hali hii si ya mboga peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya taarifa za wakulima wadogo katika nchi 6, tano za Afrika, Kenya ikiwemo, pamoja na Haiti, ulionyesha kwamba karibu asilimia 90 ya mbegu zao zilitoka nje ya mfumo rasmi, na asilimia 51 zilitoka katika masoko ya kawaida ya mtaani. Kwa maneno mengine, mama anayeuza maharagwe kwenye gunia sokoni ni msambazaji mkubwa wa mbegu kuliko kampuni yoyote, ingawa hakuna anayemwita hivyo.

Somo lenyewe linavyofundishwa

Watu wengi wanaozungumzia mbegu za kienyeji huzungumza kana kwamba zinajitunza zenyewe, ati kwa kuwa ni za asili hazihitaji utaalamu. Fikra hii imeleta madhara, na ndiyo sababu inafaa kusimama kidogo kwenye meza ya mafunzo tuone kinachofanyika hapo.

Chukua managu, mboga inayojulikana pia kama mnavu. Mkulima asiyefundishwa huchuma majani msimu mzima, kisha mashina yaliyochakaa yanapotoa matunda, huyachukua hayo kuwa mbegu. Maana yake ni kwamba anazalisha kutoka kwenye mimea iliyochoka, na mara nyingi kutoka kwenye ile iliyowahi kutoa maua, ambayo kwa mboga ya majani ni kasoro, kwa kuwa mmea ukiwahi kuchanua majani yake hupungua na kuwa magumu. Kituoni anafundishwa kutenga mimea ya mbegu tangu mwanzo, ile yenye majani mapana na inayochelewa kuchanua, aifunge utepe au kamba ili asije mtu wa nyumbani akaichuma kwa ajili ya chakula cha jioni. Matunda yakiiva sawasawa huchumwa, hupondwa ndani ya maji, na kusuguliwa mpaka mbegu ziachane kabisa na nyama ya tunda. Hatua hii ndiyo inayosahauliwa zaidi. Ute wa tunda ukibaki juu ya mbegu huzuia uotaji, na mkulima atakayepanda mbegu hizo zisiote atasema mbegu za kienyeji ni mbovu, hali aliyezikosea ni yeye aliyezitayarisha. Mbegu nzuri huzama, makapi huelea na kumwagwa; kisha zinaanikwa kivulini juu ya kitambaa au karatasi, zikitandazwa nyembamba.

Sagaa, au mgagani kwa jina lake lingine, ina tabia tofauti. Vitumba vyake vikikauka kupita kiasi hupasuka na kumwaga mbegu chini, kwa hiyo huvunwa vikigeuka manjano kabla ya kupasuka. Tena mbegu zake mpya hazioti vizuri; hulala usingizi kwa miezi kadhaa baada ya kuvunwa, na anayezipanda upesi hukata tamaa bure. Mrenda nao una ganda gumu, na wakulima wa Magharibi mwa Kenya wanajua kuzitumbukiza mbegu zake katika maji ya moto kwa muda mfupi sana ili zizinduke. Terere huchavushwa kwa upepo na hukubali kuchanganyika na ndugu zake wa porini, kwa hiyo anayetaka rangi na umbo lile lile msimu baada ya msimu lazima ang'oe mchicha wa mwitu ulio jirani kabla haujachanua. Kunde hujichavusha zenyewe kwa kiasi kikubwa, hivyo ni mwalimu mzuri wa kuanzia, lakini adui wake yuko ghalani, yule mdudu mdogo anayetoboa punje moja baada ya nyingine, na majivu makavu yaliyochekechwa pamoja na chombo kisichopitisha hewa ndivyo silaha za mwenye mfuko mwepesi.

Wataalamu wa mbegu wana kanuni ya zamani isemayo kwamba kila unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia 1, maisha ya mbegu huongezeka takriban mara mbili. Kanuni hiyo ina mipaka yake, lakini inaeleza kwa nini kibuyu kilichoning'inizwa juu ya mafiga, mahali pakavu penye moshi, kilikuwa ghala bora kuliko pembe ya nyumba yenye sakafu ya udongo. Mwanamke aliyekiweka pale alikuwa akifanya sayansi, na kituo kinachomheshimu huanza na kibuyu hicho kabla ya kuleta chupa za plastiki.

Na hapo ndipo mbegu inapokutana na chakula. Hakuna anayehifadhi mbegu ya mboga asiyoila. Katika jamii za Waluhya, mrenda hupikwa pamoja na majani ya kunde, na chumvi ya majivu, ile iitwayo munyu musherekha, hutiwa ili kulainisha mboga ngumu na kupunguza ukakasi. Sagaa huwa chungu, na uchungu huo huondolewa kwa kuipika taratibu na kuilaza katika maziwa. Kijana aliyezoea kabichi akipewa sagaa iliyochemshwa haraka na kutiwa chumvi tu, ataisukuma sahani, na mwaka ufuatao hakuna atakayepanda sagaa katika boma lile. Kwa hiyo jiko la kituo ni sehemu ya benki ya mbegu, na mpishi wake ni mwalimu sawa na yule aliye shambani. Katika vituo vingi mpishi hulipwa kama kibarua na hatajwi kwenye ratiba ya mafunzo. Naona ni kosa kubwa.

Sheria ilivyoingilia

Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ilitungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1975. Marekebisho ya mwaka 2012 ndiyo yaliyoifanya iwe tishio kwa benki za mbegu za kijamii. Mbegu ambazo hazijasajiliwa na kuidhinishwa hazikuruhusiwa kuuzwa, na kuuza, kama sheria ilivyokufafanua, kulijumuisha hata kubadilishana. Adhabu ilifika kifungo cha miaka 2 au faini ya shilingi milioni 1. Wakaguzi walipewa uwezo wa kuingia mahali mbegu zilipohifadhiwa na kuzichukua.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini mkulima au kituo kisisajili mbegu zake, mambo yakaisha? Jibu liko katika vigezo. Ili aina ya mbegu isajiliwe inatakiwa iwe ya pekee, mimea yake ifanane, na sifa zake zisibadilike kizazi baada ya kizazi. Vigezo hivi vinatokana na mfumo wa kimataifa wa kulinda haki za wazalishaji wa aina mpya za mimea, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1999 na kukubali mkataba wake mkali zaidi, wa mwaka 1991, ilipofika mwaka 2016. Vinafaa kwa mahindi chotara yanayotakiwa kuiva siku moja. Mbegu ya kienyeji, kwa maumbile yake, haiko hivyo. Katika kitanda kimoja cha kunde za kienyeji utaona mimea inayotambaa na inayosimama, punje nyekundu, nyeusi na za madoa. Mvua ikikatika mapema baadhi hufa na baadhi huvumilia, na mkulima anavuna kitu. Kutofanana huko ndiko bima yake. Kuitaka mbegu hiyo ifanane ndipo itambuliwe na sheria ni kuitaka iache kuwa vile ilivyo, na gharama za majaribio na usajili hazikuwekwa kwa kumfikiria mama mwenye robo ekari.

Katiba ya mwaka 2010 ilikuwa imekwisha kusema jambo tofauti. Kifungu cha 11 kinaliagiza Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za kienyeji na aina za mimea, sifa zake, na matumizi yake kwa jamii za Kenya. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha cha ubora unaokubalika. Miaka 2 tu baada ya Katiba kuanza kutumika, Bunge lilipitisha marekebisho yanayokwenda kinyume na agizo hilo. Iwapo hilo lilitokana na uzembe au na shinikizo la biashara ya mbegu, matokeo kwa kituo cha mafunzo yalikuwa yale yale.

Matokeo yenyewe yalikuwa ya kimyakimya, na pengine ndiyo maana hayakuandikwa sana. Madhara ya sheria kama hii hayahesabiki kwa idadi ya waliofungwa. Huonekana katika mambo ambayo watu huacha kuyafanya. Mwalimu angeweza kufundisha namna ya kuosha mbegu za managu, lakini siku ya kufunga mafunzo, kumkabidhi kila mshiriki kifurushi kidogo cha mbegu hizo kulikuwa kitendo chenye mashaka. Maonyesho ya mbegu, ambapo wanawake wa vijiji mbalimbali hukaa wakibadilishana kikombe kwa kikombe, yaligeuka kuwa jambo la kuulizia kwanza kwa mwanasheria. Kikundi kilichotaka kuweka bango la benki ya mbegu kilijiuliza kama bango hilo ni mwaliko kwa mkaguzi. Na mfadhili mwangalifu angependelea kulipia mafunzo ya mboji, ambayo hayana kesi.

Nchi ile ile, wakati ule ule

Kuna jambo moja katika kisa hiki ambalo linauma. Mwezi Desemba 2021, UNESCO iliiweka Kenya katika orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi usioshikika, kwa kazi ya kukuza vyakula vya asili na kuhifadhi mila za chakula. Kazi hiyo ilianza mwaka 2007, wakati ambapo vyakula vya kienyeji vilidharauliwa na kuhusishwa na umaskini na kurudi nyuma. Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, Idara ya Utamaduni, shirika la utafiti wa bioanuwai Bioversity International na jamii zenyewe walishirikiana, na takriban mimea 850 ya kienyeji iliorodheshwa pamoja na majina yake ya asili na matumizi yake. Watoto wa shule za msingi walihusishwa katika kukusanya maarifa hayo kutoka kwa wazee wao, katika jamii kama Isukha huko Kakamega. Wanasayansi kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta walikuwa wamefanya kazi kwa miaka mingi kuonyesha kwamba mboga hizi, ambazo baadhi yake ziliwahi kuhesabiwa kuwa magugu, zina madini ya chuma, kalsiamu na vitamini kwa wingi kuliko kabichi. Ulaji uliongezeka, soko likakua, na mboga zilizokuwa zikiuzwa kwa mafungu kando ya barabara zikaingia kwenye maduka makubwa ya Nairobi.

Yote haya yalistahili sifa. Lakini wakati sifa hiyo inatolewa, marekebisho ya mwaka 2012 yalikuwa bado sheria ya nchi. Serikali ilisherehekea jina la mmea, mapishi yake na hadithi zake, na papo hapo ikaacha mbegu yake ikiwa kitu ambacho mtu angeweza kufungwa kwa kukibadilisha. Miezi michache baadaye, mwaka 2022, wale wakulima 15 wakaenda Machakos. Nadhani wizara mbili zilikuwa zikilitazama jambo moja bila kuonana: ya utamaduni iliona urithi, ya kilimo iliona bidhaa. Hata Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Usemi wa Kitamaduni ya mwaka 2016 haikuziba pengo hilo, maana mkaguzi wa mbegu aliendelea kufuata sheria ya mbegu.

Kikundi cha wanawake wa Kyanika huko Kitui kilikuwa kimekwisha kuonyesha kwamba pengo hilo si la lazima. Wanawake hao walikusanya aina nyingi za vibuyu, na kila mbegu ilipoletwa, iliambatana na maelezo ya matumizi yake: hiki cha maziwa, hiki cha uji, hiki cha kuhifadhia mbegu nyingine. Mbegu na maarifa viliwekwa mahali pamoja. Kituo chochote kinachotaka kufanya kazi hii vizuri kingeanza hapo.

Upande wa pili, ambao una haki yake

Itakuwa si haki kuandika kana kwamba sheria ile haikuwa na sababu. Mbegu bandia ni janga la kweli nchini Kenya. Mkulima hukopa, akanunua pakiti yenye picha nzuri, akapanda, na kilichoota kikawa mahindi ya kawaida yaliyopakwa rangi. Msimu umepotea na deni limebaki. Serikali isiyofanya lolote kuhusu hilo ingelaumiwa, na kwa haki.

Kuna pia suala la magonjwa. Mwaka 2011, ugonjwa hatari wa mahindi unaosababishwa na virusi viwili vinavyoshirikiana uliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini katika eneo la Bomet, na baadaye ukasambaa katika Bonde la Ufa na nchi jirani. Virusi hivyo huenezwa zaidi na wadudu, lakini hupita pia kwenye mbegu, ingawa kwa kiwango kidogo, na kiwango kidogo kinatosha kuufikisha ugonjwa mahali ambapo haukuwapo. Mtu anayesema kwamba mbegu yoyote ikiitwa ya kienyeji basi ni salama, anawadanganya wakulima. KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, lina kazi ya maana, na vituo vya mafunzo vingefanya vyema kulitumia badala ya kulikimbia.

Tatizo lilikuwa kwamba sheria ilitumia dawa moja kwa magonjwa mawili yasiyohusiana. Mlaghai anayepaka rangi mahindi na kuyauza kwa jina la kampuni anawatapeli watu asiowajua na kisha anatoweka. Shangazi anayempa mpwa wake mbegu za mitoo atakutana naye tena kisimani, na mbegu zisipoota atasikia. Uhusiano huo ndio uthibitisho wa ubora, na umefanya kazi tangu kabla ya kuwapo cheti. Hata hivyo uhusiano huo hupungua nguvu kadiri mbegu inavyosafiri mbali, na hapa kituo kinaingia katika hali ya katikati: mwalimu hamjui kila mshiriki, na mshiriki aliyetoka kaunti nyingine hana pa kurudishia lawama. Kwa hiyo kituo hakiwezi kujificha nyuma ya hoja ya shangazi.

Mzigo unaobaki

Baada ya uamuzi wa Machakos, naona kazi ya kituo imekuwa kubwa zaidi kuliko wakati wa katazo. Jambo la kwanza ni daftari. Kila mbegu inayoingia iandikwe jina lake kwa lugha ya aliyeileta, kijiji ilikotoka, msimu ilipovunwa, hali ya udongo na mvua ya hapo, inavyopikwa, na kama aliyeileta ameridhia igawiwe kwa wengine. Ridhaa hiyo ni ya lazima. Mbegu iliyotunzwa na ukoo mmoja kwa vizazi isigeuke kuwa mali ya kituo kwa sababu tu iliwekwa kwenye rafu yake, wala isipelekwe kwa mtafiti au kampuni bila wenyewe kujua.

La pili ni kipimo cha uotaji, ambacho hakihitaji maabara. Mbegu 100 hutandazwa juu ya kitambaa chenye unyevu, hukunjwa na kuwekwa mahali pa joto, na baada ya siku 7 hadi 10 zilizoota huhesabiwa. Kifurushi kikiandikwa idadi hiyo na tarehe ya kipimo, mkulima anajua kama apande kwa wingi au kwa kiasi. Kituo kisichofanya hivi hakina haki ya kulalamikia mbegu bandia za wengine.

La tatu ni gumu zaidi, nalo linahusu mimea inayochavushana. Mahindi ya kienyeji yanayolimwa mita chache kutoka shamba la chotara hayawezi kubaki yalivyo. Yanahitaji umbali wa mita 200 hivi, au kupandwa kwa nyakati tofauti ili yasichanue pamoja, na mbegu yake ichukuliwe kwenye mimea mingi, si mikubwa mitatu iliyopendeza macho. Mashamba ya Wakenya wengi ni madogo kiasi kwamba mkulima mmoja hawezi kupata umbali huo. Hapa kituo lazima kiwaunganishe majirani wakubaliane nani apande nini na lini, na makubaliano ya namna hiyo huvunjika kwa urahisi, kwa kuwa jirani mwenye njaa hatasubiri wiki tatu kwa ajili ya usafi wa mahindi ya mwenzake. Sijaona njia rahisi ya kulikwepa tatizo hili. Pengine mahindi na mtama vitunzwe na vikundi vichache vilivyo na ardhi ya kutosha, huku kunde, maharagwe na mboga nyingi za majani zikiachiwa kila boma.

Kisha kuna nakala ya akiba. Benki ya mbegu ya kijiji ikishika moto au ikiingiliwa na panya, aina nzima inaweza kutoweka usiku mmoja. Benki ya taifa ya mbegu huko Muguga inaweza kupokea sehemu ya kila aina, na sasa vikundi havina sababu ya kuogopa kwamba kupeleka mbegu serikalini ni kujipeleka wenyewe.

Lililobaki liko Bungeni. Mahakama inaweza kubatilisha vifungu, lakini kutunga sheria si kazi yake, na agizo la Kifungu cha 11 bado halijatekelezwa kikamilifu kwa upande wa mbegu. Sheria itakayoandikwa itenganishe waziwazi mambo matatu: mkulima kwa mkulima, ambapo kusiwe na masharti yoyote, kikundi au kituo kinachogawa au kuuza mbegu za kienyeji, ambacho kitakiwe kuandika asili ya mbegu na kipimo cha uotaji kwenye kifurushi, bila kudaiwa kwamba mimea ifanane, na mfanyabiashara anayeuza kwa jina la aina iliyosajiliwa, ambaye ukaguzi na adhabu kali viendelee kumhusu. Na neno kuuza lifafanuliwe upya katika sheria hiyo, ili kikombe cha kunde kinachobadilishwa kwa kikombe cha mtama kwenye maonyesho ya mbegu kisihesabiwe tena kuwa biashara.